Washauri wa Kabla ya Dawa

Ripoti nyingi za miradi ya UKIMWI husimulia kwamba WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na virusi wanaowasaidia wenzao, walizaliwa na dawa za kufubaza virusi. Dawa zilipoanza kutolewa bure Tanzania mwaka 2004, kliniki zilifurika, wauguzi wakaelemewa, ndipo wafadhili wakabuni kada hii. Hoja hiyo imerudiwa mno hata wenye kumbukumbu za miaka ya kabla ya dawa wanaiitikia. Mimi naikataa, na mashahidi wangu ni vitabu viwili ambavyo ni nadra kutajwa: kijitabu cha Janie Hampton kuhusu shirika la TASO la Uganda, kilichotoka 1990 katika mfululizo wa Strategies for Hope, na simulizi ya Noerine Kaleeba, We Miss You All, iliyochapishwa Harare mwaka 1991.

Mwanzo wa maradhi unajulikana, tusiukawilie. Wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Huku ugonjwa ukaitwa Juliana, ng'ambo ya mpaka ukaitwa Slim, na kote ukanong'onwa.

Mwaka 1986 Kaleeba alikuwa mtaalamu wa fiziotherapia Kampala, na mumewe, Christopher, alikuwa masomoni Hull, Uingereza. Akaletewa habari kwamba mume yu mahututi. Alipofika aliambiwa ni UKIMWI, lakini aliona pia wauguzi wakimshika mgonjwa bila woga na watu wa kujitolea wakikaa naye. Waliporudi nyumbani walikuta hofu imewaingia hata watu wa tiba. Christopher alifariki Januari 1987.

Mwaka huohuo watu wachache wakaanza kukutana: dereva wa lori, askari, mhasibu, mwalimu, muuguzi, na mjane huyo. Wengi wao walikuwa na virusi, na waliobaki walikuwa wameuguza au wamezika. Hapo ndipo TASO ilipotokea. Shirika lenyewe huhesabu waasisi 16, na wengi wao hawakuishi kuona dawa. Serikali mpya ya Museveni, iliyoingia Januari 1986, ilikuwa imeanza kuutaja ugonjwa hadharani, na bila hilo kikundi hicho kingebaki siri ya sebuleni.

Walifanya nini, na dawa hakuna? Walitibu utando mweupe wa kinywani, vipele na kuhara. Kwenye vituo vyao vya mchana mgonjwa alikunywa chai, akala, akashona au kusuka kitu cha kuuza, akazungumza na aliyelala macho usiku kwa homa ileile. Kisha walimfuata nyumbani, ambako maswali yalikuwa mengine. Mke aambiwe lini? Watoto watabaki na nani? Shamba litarithiwaje kabla shemeji hawajalivamia? Daktari hakusomea majibu hayo. Aliyekwisha kuyapitia angalau alijua lipi la kuanza nalo.

Wapo wanaosema mzizi uko Denver, ambako mwaka 1983 wagonjwa wa Marekani walidai kusikilizwa katika maamuzi yanayowahusu, na kwamba Kaleeba, akiwa mke aliyeuguza, hahesabiki. Sina subira na kipimo hicho. Kwetu ugonjwa uliingia nyumba nzima: aliyefua shuka za mgonjwa, aliyekopa nauli ya hospitali na aliyefukuzwa na wakwe baada ya arobaini, wote waliuishi. Wanaodai kwamba kungwi na somo walikuwa tayari wakiifanya kazi hii nao wanavuta kamba mno, kwa maana kungwi humfunda mwari akiwa juu yake, ilhali mshauri hukaa mkeka mmoja na mwenzake.

Hoja kwamba mbegu ilitoka Hull ndiyo inayostahili kusikilizwa. Ni kweli Kaleeba aliiona huruma ya namna ile ugenini kwanza. Lakini Hull ilimwonyesha wauguzi waliolipwa, watu wa kujitolea na mfumo uliosimama. Kuwaweka pamoja dereva na askari waliokwisha kukatiwa tamaa, wakawa walimu, hilo lilifanyika Kampala. Tena halikuwa la Kampala peke yake. Mwaka 1989 Theresa Kaijage aliasisi WAMATA Dar es Salaam, akizikusanya familia zilizoguswa, miaka 15 kabla ya dawa za bure.

Mwaka 1994 serikali 42 zilitia saini jijini Paris kwamba watu wanaoishi na virusi washirikishwe. Kumbe walikuwa kazini zamani. Dawa zilipofika ziliokoa maisha, na hakuna mwenye akili anayetamani miaka ile irudi. Ila kazi ya mshauri ilibanwa: kuwatafuta walioacha dozi, kupiga simu, kujaza rejesta, kusaini posho.

Ubishi huu kuhusu chimbuko la washauri una gharama yake leo. Marekani ilipositisha misaada Januari 2025, washauri katika nchi nyingi za Afrika waliambiwa warudi nyumbani, kwa kuwa katika vitabu vya hesabu walikuwa kipengele cha mradi. Anayeamini mradi ndio uliowazaa ataona ni sawa waondoke nao. Anayejua habari za 1987 atadai wawe na nafasi katika ikama ya halmashauri, kwa mshahara, kwani kujitolea kwa waasisi hakukuwa hiari. Hapakuwa na mtu mwingine.