Chai ya Saa Kumi Juu ya Karatu



Mwaka huu mabiharusi watatu tuliowashonea wametuuliza swali moja: fungate twende Ngorongoro? Zamani fungate ilikuwa siku saba za ndani, udi, liwa, na chakula kinacholetwa mlangoni kwa sinia lililofunikwa kawa. Leo bwana harusi anakata tiketi ya ndege mpaka Arusha, na kutoka hapo ni gari, kiasi cha kilomita 140 hadi Karatu. Hatuna neno na hilo, kila zama na mambo yake. Ila katika picha wanazotutumia mashoga zetu waliotangulia kuna moja haikosekani: sebule ya hoteli, moto wa kuni unawaka, meza ndogo yenye kitambaa cheupe, buli la chai, na sahani za ghorofa tatu zimepangwa vikeki.

Chai hiyo tumeinywa. Na tuliporudi nyumbani tulikaa siku nyingi kutafuta ilikotoka, kwa sababu ya jambo lililotupata mlangoni.

Sisi ni ndugu wawili, tulianza na cherehani moja baada ya kumaliza kozi ya ushonaji. Safari hiyo tulikuwa tunapeleka nguo za harusi za binti wa Unguja aliyeposwa na kijana wa Karatu, ambaye wazazi wake wanakaa kata ya Ganako. Biharusi alikuwa amefika na mama yake mkubwa, wamechukua chumba katika hoteli moja huko juu mlimani, akatuambia njooni hapa hapa, nijaribu nguo, kisha tunywe chai. Tukafika na mabuibui yetu na mabegi mawili makubwa. Askari wa getini akatutazama, akatazama mabegi, akasema, "Wauzaji wanapita mlango wa nyuma."

Hakutukana. Alisema kama mtu anayesema jambo la kila siku. Tukampigia biharusi simu, akatoka mwenyewe, tukaombwa radhi, tukapita mbele. Tuliswali Alasiri chumbani kwake, tukashuka kunywa chai. Lakini lile neno lilikaa nasi mezani muda wote, tukawa tunajiuliza: hii chai ni ya nani hata tuikaribie kwa mlango wa nyuma?

Jibu linaanza na biharusi. Mwaka 1662 binti wa mfalme wa Ureno, jina lake Catherine wa Braganza, aliolewa na Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza. Kwao ilikuwa mwanamke ndiye anayekwenda na mali kwa mume, kinyume cha mahari yetu, na mali aliyokwenda nayo Catherine haikuwa ndogo: ndani yake mlikuwa na mji wa Bombay na mji wa Tangier. (Hebu fikiria kukabidhi miji miwili, mmoja wake wa Waislamu wa Morocco, kama mtu anayekabidhi mashuka na mito.) Pamoja na hayo alikwenda na mazoea yake ya kunywa chai. Kabla yake Waingereza walikuwa wakiijua chai kidogo, ikiuzwa kwenye nyumba za kahawa za London, na nyumba hizo zilikuwa baraza za wanaume. Na kahawa yenyewe waliipata kutoka kwetu Waislamu, maana ni masufi wa Yemen walioanza kuinywa ili wakeshe kwenye dhikri, na neno la Kiingereza la kahawa limetokana na hilo hilo la Kiarabu tunalolitumia sisi. Catherine ndiye aliyeifanya chai kuwa jambo la nyumbani, la wanawake wa jumba la mfalme, wenzao wakaiga.

Kitu kimoja kilituchekesha. Wareno wanaiita chai "chá". Waajemi na Wahindi wanasema "chai", na kwao ndiko sisi tulikolipata neno. Yote yanatoka kwa Wachina. Waingereza ndio waliochukua jina jingine, lile la watu wa pwani ya Fujian, lililobebwa na meli za Waholanzi. Kwa hiyo biharusi Catherine angefika barazani kwetu akaomba kikombe kwa lugha yake, tungemuelewa kabla ya mumewe.

Ile meza ya saa kumi ilikuja baadaye sana. Inasimuliwa kuwa karibu na mwaka 1840 mwanamke mmoja wa ukoo mkubwa, Anna wa Bedford, aliyekuwa mmoja wa mabibi waliomhudumia Malkia Victoria, alikuwa akihisi njaa mchana. Chakula cha usiku kwa matajiri wa wakati ule kilisogezwa hadi saa mbili usiku. Akawa anaagiza chai na mkate wenye siagi chumbani kwake, halafu akaanza kualika mashoga. Yaani ni njaa tu wapenzi, na hamu ya kuzungumza. Miaka hiyo hiyo Waingereza walikuwa wameanza kulima chai yao wenyewe huko Assam, India, na mwaka 1839 shehena ya kwanza ya Assam ikanadiwa London. Chai ikashuka bei pole pole, hata wake wa vibarua wakaimudu.

Sukari ndiyo iliyotusimamisha. Ile iliyokuwa ikikorogwa kwenye vikombe vya Uingereza ilitoka visiwa vya Karibi, ikilimwa na watumwa kutoka Afrika. Mwaka 1791 familia nyingi za Uingereza, na wanawake wakiwa mbele kwa sababu wao ndio wanaonunua vitu vya jikoni, waligoma kuitumia. Biashara haikufa mwaka ule, lakini mtu alianza kumuuliza mwenziwe kabla ya kutia kijiko. Wala hatusemi ya Waingereza tukafunika ya kwetu. Karafuu tunayoitia kwenye chai yetu na kuisifu ilipandwa Unguja na Pemba kwa mikono ya watumwa, na soko la watumwa la Mkunazini halikufungwa mpaka 1873. Kila kikombe kina mlango wake wa nyuma.

Sasa, ilifikaje Karatu? Nchi ile ni ya Wairaqw, wafugaji na wakulima. Udongo wake ni mwekundu, umelala kwenye miteremko chini ya msitu wa Ngorongoro, na kuna baridi hasa. Mwanamke wa kisiwani akienda bila sweta atajuta. Baada ya Vita vya Kwanza, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, walowezi wa Kijerumani waliruhusiwa kurudi, na wakafungua mashamba ya kahawa upande wa Oldeani na Karatu. Tusichanganye: huko ni nchi ya kahawa. Majani ya chai ya Tanzania yanatoka Usambara, Mufindi na Rungwe, hivyo chai unayonywa Karatu ni mgeni kama wewe.

Shamba linalojulikana zaidi ni lile linaloitwa Gibb's Farm. Nyumba yake ilijengwa na mlowezi wa Kijerumani mwaka 1929. Vita vya Pili vilipoanza, mali za Wajerumani zikashikwa na serikali ya Waingereza kama mali za adui, na mwaka 1948 shamba likanunuliwa na James Gibb, Mwingereza aliyekuwa amepigana vita hivyo. Mwaka 1959 ikaanzishwa hifadhi ya Ngorongoro, watalii wakazidi kupita njia ile kwenda kuona kreta, na mwaka 1972 bwana na bibi Gibb wakaanza kupokea wageni wa kulala. Baadaye hoteli nyingine zikaota kwenye vilima vile, nyingi zikijengwa zifanane na nyumba ya mkulima wa Kizungu: dohani, viti vya ngozi, bustani ya mawaridi. Na mkulima wa Kizungu saa kumi alikunywa chai. Kwa hivyo ile sebule tunayopigia picha ni mfano wa sebule ya mlowezi, na katika sebule ya mlowezi Mwafrika aliingia akiwa amebeba sinia. Askari wa getini hakulibuni lile neno lake. Alilirithi.

Hapo ndipo tulipomkumbuka Bibi, Allah amrehemu. Shangani, jengo linaloitwa leo Africa House lilikuwa klabu ya Waingereza, klabu yenyewe ikiwa imeanzishwa mwaka 1888. Jua likizama baharini, wanachama walikuwa wamekaa juu kwenye roshani wanakunywa vinywaji vyao. Wanachama ni Wazungu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 milango yake ikafunguliwa kwa wengine. Bibi alikuwa mshonaji kama sisi, kofia kwanza, na kazi za fundi mmoja aliyekuwa akichukua oda za vitambaa vya meza. Alipinda na kudarizi vitambaa vya mezani vya klabu ile kwa miaka, akiwa amekaa mkekani kwake Ng'ambo, na hakuwahi kuviona vimetandikwa. Alikuwa akisema hivyo bila uchungu, "Sikuwahi kujua vilikuwa vinakaa vipi." Tulipokuwa watoto tulidhani ni hadithi ya vitambaa.

Lakini saa kumi hiyo hiyo Bibi alikuwa na meza yake. Akishaswali Alasiri, jamvi linatandikwa barazani ndani, birika linatoka jikoni na iliki, mdalasini na tangawizi, kuna kaimati au mkate wa kumimina, na majirani wanaingia bila kubisha, kila mmoja na habari zake. Hakumuiga mtu wa Bedford, hakuwahi hata kumsikia. Wakubwa wa Unguja nao walikuwa na ya kwao tangu zamani: Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1886, anaeleza baraza ya mbao iliyoelekea bahari katika jumba la Mtoni, iliyoitwa benjile, ambako jamaa walikusanyika kunywa kahawa. Basi biharusi wetu, ukikaa kwenye kiti kile cha ngozi usijione umekwenda kuazima ustaarabu wa watu.

Maneno machache ya kukufaa ukiwa pale, maana tumeulizwa. Vimikate vya matango havina shida, lakini ulizia vilivyo na nyama, vingine ni vya nguruwe. Keki nyeusi ya matunda mara nyingi imelowekwa pombe, na jeli inategemea imegandishwa kwa kitu gani. Uliza bila kuona haya, mpishi anajua alichotia. Alasiri inaingia karibu na saa kumi kwa hiyo swali kwanza. Na ukiletewa skonzi usitarajie ile laini ya dukani kwetu. Jina ni lile lile la Kiingereza, lakini yao ni ngumu kidogo, inakatwa katikati na kupakwa malai na jamu. Sisi tuliipenda. Vikeki vya rangi vilikuwa sukari tupu.

Aliyetuhudumia alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Ganako. Biharusi alimwambia, "Mama, kaa nawe unywe kidogo." Akacheka, akasema yuko kazini. Tukamuuliza kwao chai inapikwaje. Akatuambia maziwa na majani vinachemka pamoja sufuriani mpaka vishikane. "Hii ya kumimina maziwa juu mwishoni ni ya wageni, wanangu." Baba yake alichuma kahawa kwenye shamba la mlowezi, mama yake alifua nguo za nyumba kubwa, yeye ana miaka mingi anapanga vile vikombe, na viti vile havijui.

Wakati anazungumza, mmoja wetu alikuwa ameshika kitambaa cha mkono, anakitazama kama tunavyotazama kila kitambaa. Pindo lilikuwa la mashine, mshono mkubwa wa haraka, na pembe moja imefumuka. Sindano na uzi havitoki mkobani mwetu, ukatolewa uzi mweupe, pembe ikashonwa upya kwa mkono, mshono wa kujificha, kama alivyotufunza Bibi. Mama yule alisimama anaangalia mpaka mwisho. Akakichukua, akakigeuza upande wa ndani, akautafuta mshono asiuone.

Akauliza, kwa sauti ya chini, dazeni mbili tungemshonea kwa bei gani. Binti yake anaolewa Disemba, harusi ni hapo hapo Ganako, na anataka meza ya chai.

Tukamtajia bei. Akasema hiyo ni bei ya hoteli. Tukapunguza. Akasema bado. Vitambaa tumeshakata, pembe tunadarizi ua dogo la mkahawa, alilichagua mwenyewe.