Mlavyote

Mlavyote (wingi: *walavyote*) ni hayawani ambaye maumbile yake humwezesha kupata riziki katika mimea na katika nyama pia. Istilahi hii imeungwa kwa kitenzi *-la*, chenye asili ya Kibantu, na *vyote*, yaani vitu vyote viliwavyo, kwa muundo uleule wa *mlanyama*. Na *mla* ni neno kongwe, kama ishuhudiavyo methali, «Mla mbuzi hulipa ng'ombe». Kilatini nacho, kwa maana hiyohiyo, kiliunganisha *omnis*, «vyote», na *vorare*, «kula kwa pupa».

Katika kaunti ya Kajiado, nchini Kenya, mfano ulio dhahiri ni nyani wa Amboseli, ambao wataalamu wamewachunguza tangu mwaka 1971: hula mbegu za nyasi, utomvu wa migunga, wadudu, na pengine hata sungura. Huko Nkoroi, kando ya barabara iendayo Magadi, mlavyote wa nyumbani ni kuku, adonoaye nafaka na mchwa kwa pamoja. Na binadamu mwenyewe, mwenye meno ya kukata na magego ya kusaga, ni katika jamii hiyo, ijapokuwa mila na dini humwekea mipaka ambayo maumbile hayakumwekea.