Kula Matulo na Webuye: mwongozo kwa msafiri wa Pwani

Matulo ni wadi ya eneo bunge la Webuye Magharibi, kaunti ya Bungoma. Wengi wetu tumeipita bila kuijua jina. Barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Malaba hupita Webuye, na hapo hapo Webuye ndipo inapokutana na ile itokayo Kakamega kwenda Kitale. Kwa hiyo madereva wa malori ya kontena, makondakta wao na abiria wa mabasi ya usiku ndio wateja wa kudumu wa hoteli za eneo hili, na kati yao vijana wa Pwani si wachache.

Zamani kulikuwa na mteja mwengine mkubwa: kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, pale Webuye. Kilipofungwa mwaka 2009, mishahara ilikatika na mama waliokuwa wakipika chakula cha mchana cha wafanyakazi wakapoteza soko. Ndiyo sababu hoteli nyingi za leo zimeelekea barabarani.

Hapa hoteli ni kama kwetu, yaani pahali pa kula, si pa kulala. Kibanda cha mabati chenye mabenchi mawili nacho ni hoteli. Karatasi ya orodha ya vyakula usiitafute sana, maana hata ikiwepo ukutani, nusu ya vilivyoandikwa havipo. Uliza tu, "Mama, leo kuna nini?" Utatajiwa kwa pumzi moja. Usikilize vizuri, kwani maneno hubadilika. Madondo ni maharagwe. Mahenjera ni mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, bila nazi, nasikitika kusema. Maziwa mala ni yale yetu ya kuganda. Na ukisikia "mchele na nyama" usidhani utaletewa punje mbichi: wengi wa bara huita wali mchele hata ukiwa umeiva sahanini. Mahamri ya iliki hutayapata, utapata mandazi.

Kuku

Ukila kitu kimoja tu, kula kuku wa kienyeji. Waluhya kwa jumla humwita ingokho, Wabukusu wenye eneo hili husema engokho, na ndiye heshima ya mgeni. Hupikwa kwa chumvi, kitunguu na nyanya, basi. Mpwani aliyezoea tui na bizari huona kama mpishi kasahau kitu, mpaka aonje mchuzi. Nyama yake ni ngumu na hutaka muda motoni, kwa hiyo mwenye kukuletea kuku wa kienyeji dakika kumi baada ya kuagiza ama alimpika asubuhi, ama si wa kienyeji. Firigisi, kwao imondo, kwa desturi ni ya mwenye nyumba au mgeni mkubwa. Zamani wanawake hawakuruhusiwa kula kuku kabisa. Siku hizi hotelini kila mtu hula, lakini mzee akipewa firigisi usiigombanie.

Ugali wake uwe wa wimbi au mtama, ule mweusi mweusi. Ule mweupe unao nyumbani.

Na mboga usizidharau. Saga ni chungu kidogo na hutulizwa kwa maziwa. Mrenda ndio mlenda wetu. Managu ni mnavu. Wapishi wa kizamani hulainisha mboga kwa musherekha, maji yaliyochujwa katika majivu ya maganda ya maharagwe au magunzi ya mahindi, kazi ile ile ambayo kwetu hufanywa na magadi. Kibanda kinachotumia musherekha bado, kula hapo kila siku.

Halali

Hili ndilo swali ambalo jamaa huniuliza kabla ya yote, na jibu lake si moja. Nyama ya ng'ombe na mbuzi iliyopita machinjioni kwa kawaida huchinjwa na Muislamu, kwani muuza nyama hataki kupoteza mteja. Kuku hapiti huko. Huchinjwa nyuma ya jiko na yeyote aliye karibu na kisu. Kwa hivyo kumuuliza mhudumu "Ni halali?" hakusaidii. Mimi niliulizapo hivyo mahali fulani, kijana alinijibu "Ndiyo, ni safi kabisa," naye hakudanganya kwa alivyolielewa neno. Uliza "Nani amechinja?" Jibu likiyumba, chukua samaki wa Ziwa Victoria, omena, mayai au madondo. Ukiwa na nafasi, agiza mapema na uombe kumchinja mwenyewe. Wapishi wengi hawaoni tabu, na wengine hufurahi kupunguziwa kazi.

Palipoandikwa kuwa nguruwe huuzwa, fikiria pia kikaango na mafuta yake. Mutura ule wa kuchomwa kandoni mwa barabara huwekwa damu, uache.

Ukitaka kula bila kuuliza maswali, endelea hadi miji mikubwa, Bungoma au Kitale, ukatafute hoteli za Waislamu jirani na misikiti. Uislamu huku si mgeni: misafara ya Waswahili ilifika Mumias kwa Nabongo Mumia tangu karne ya 19. Kitale ina nyongeza yake, mursik, maziwa ya Wakalenjin yaliyolazwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa. Yana rangi ya majivu na harufu ya moshi. Mimi nayapenda, mke wangu hataki hata kuyaona.

Baa

Baa ziko, na kwa sheria ya vileo ya mwaka 2010 hufungua saa kumi na moja jioni siku za kazi, saa nane mchana wikendi. Asiyekunywa ajue jambo moja tu: busaa, pombe ya mahindi na wimbi, ina rangi ya uji na uchachu wa uji. Wazee huinywa kwa mirija mirefu wakizunguka chungu kimoja, na mwezi wa Agosti wa miaka inayogawika kwa mbili, Wabukusu wanapotahiri vijana wao, haikosekani nyumbani kwenye sherehe. Ukikaribishwa kikombe cha kahawia, uliza ni uji au ni busaa kabla hujakipeleka mdomoni. Hakuna atakayechukia.

Malipo ni M-Pesa au taslimu. Vibanda vingi huishiwa kuku mapema mchana, kwa hivyo anayetoka Eldoret kwa gari lake na apige simu kwanza akiwa na namba ya mpishi.