Kitabu cha Wageni Kisichohitaji Kalamu



Ukiingia ofisi ya kijiji, kabla hujaeleza shida yako unasogezewa kitabu cha wageni: jina, utokako, tarehe, sahihi. Tovuti nazo zina kitabu chao, ila mgeni haombwi kalamu. Seva huandika yenyewe kila inapoombwa kitu: saa, kilichoombwa na anwani ya IP ya aliyeomba. Anwani hiyo si jina, lakini kwa msaada wa kampuni ya simu inaweza kumfikisha mtu hadi mlangoni kwako.

Kusoma mistari hiyo kwa macho ni adhabu, ndiyo maana zikaja programu za kuhesabu. Mwaka 1995 Stephen Turner wa Cambridge, Uingereza, alitoa Analog. 1997 ikafuata Webalizer, na 2000 Laurent Destailleur akaanza AWStats. Hizi mbili za mwisho ni programu huria: unazipata bure, na fundi yeyote anaweza kuzifungua aone zinavyohesabu. Hapo ndipo majigambo yalipoumbuka. Ukurasa mmoja wenye picha 10 huandikwa na seva mara 11! Kumbe anayetamba na "hiti" 11,000 huenda kurasa zake zimefunguliwa mara 1,000 tu.

Mwaka 2005 Google waliinunua Urchin, na Novemba wakatoa Google Analytics bila malipo. Wengi wakahamia huko. Bure kweli, lakini kitabu cha wageni kikawa kinalala kwa jirani. Piwik, iliyoanza 2007 na kubadilishwa jina kuwa Matomo mwaka 2018, ilikirudisha nyumbani: takwimu zinakaa kwenye seva yako, na unaweza kuiamuru ifiche sehemu ya mwisho ya anwani ya IP kabla ya kuihifadhi.

Kwa nini tujali? Desemba 2016 Maxence Melo wa Jamii Forums alikamatwa Dar es Salaam, akashtakiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kwa kutowapa polisi taarifa za watumiaji wake. Ni kitabu kile kile, wadau. Usichokiandika, hakuna wa kukulazimisha ukitoe.

Kwa hiyo, mwenye tovuti, wahesabu wageni wako. Ila jiulize kwanza: unataka idadi yao, au unataka kuwajua ni akina nani? Mimi idadi inanitosha.