Bohari Iliyogeuka Kioo cha Taifa

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na baadaye kando yake likakua eneo la viwanda na mabohari. Katika eneo hilo, Barabara ya Dunga, palikuwa na bohari moja ya kutengenezea magari. Mwaka 2003 bohari hiyo ilifunguliwa kuwa kituo cha sanaa, chini ya uongozi wa Bibi Joy Mboya. Asili yake haikufichwa: kiliitwa GoDown, yaani bohari. Palipokuwa na grisi na spana pakaingia wachoraji, wanamuziki na wacheza ngoma.

Mtihani ulikuja baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini Kenya. Tume ya Jaji Waki ilibainisha kwamba 405 kati yao walikufa kwa risasi, idadi iliyopita ile ya sababu nyingine yoyote. Mwaka 2008 GoDown ilikusanya picha za maafa hayo na kuzionyesha hadharani, ili wananchi wajitazame.

Ndugu askari, jambo hili latuhusu. Mwenye bunduki aweza kuzima ghasia kwa siku moja. Hawezi kuzima chuki iliyojificha mioyoni. Chuki hiyo hupungua pale wananchi wapatapo mahali pa kusema na kusikilizana. Kwa hiyo ukumbi wa sanaa usidhaniwe kuwa kijiwe cha wazururaji. Nao ni ngome ya amani, na askari mwema huilinda.