Jinsi ya kutega kamera ya betri kwenye mita ya maji

BILI ya maji huja mara moja kwa mwezi, lakini maji hupotea kila saa. Tangu siku msomaji wa mita anapofika langoni hadi siku anaporejea mwezi unaofuata, hakuna ajuaye kilichopita bombani. Bili ikipanda ghafla, mteja hulalamika kwamba hajaongeza matumizi, nayo kampuni hujibu kwamba mita haidanganyi. Mabishano hukwama hapo kwa kuwa hakuna upande wenye kumbukumbu ya siku hizo 30.

Hali huwa tata zaidi msomaji akikuta lango limefungwa au mita imefunikwa na matope, kwani hapo bili huweza kuandaliwa kwa makadirio. Katika nyumba za kupangisha, mzozo huwa kati ya mpangaji na mwenye nyumba. Mita kuu huonyesha kiasi fulani, mita ndogo za wapangaji zikijumlishwa hazifikii kiasi hicho, na tofauti hiyo sharti ilipwe na mtu.

Njia mojawapo ya kupata kumbukumbu hiyo ni kutega kamera ndogo itumiayo betri juu ya mita, ipige picha kwa saa maalumu. Kazi hii haihitaji kufungua mita, kukata bomba wala kuvuta nyaya za stima hadi langoni. Isitoshe, picha yenye tarakimu na saa inaweza kuhakikiwa na mtu yeyote ajuaye kusoma.

Kuielewa mita

Kabla ya kununua chochote, mwenye nyumba anapaswa kuielewa mita yake. Mita nyingi za nyumbani hupima maji kwa mita za ujazo. Yuniti moja katika bili ni mita ya ujazo moja, yaani lita 1,000 au mitungi 50 ya lita 20.

Kwa kawaida tarakimu nyeusi huonyesha yuniti kamili. Tarakimu nyekundu, au mishale midogo inayozunguka kwenye vijiduara, huonyesha sehemu za yuniti hadi kufikia lita. Mita nyingi pia zina kigurudumu kidogo chenye umbo la nyota au pembetatu ambacho huzunguka hata maji yakipita kwa uchache.

Tarakimu nyeusi ndizo zinazotozwa pesa, lakini nyekundu na mishale ndizo zinazofichua uvujaji. Kwa hivyo, picha isiyoonyesha sehemu hizo waziwazi haina faida kubwa kwa mtu anayesaka maji yanayopotea.

Kamera yenyewe

Kifaa kinachotumiwa sana na mafundi wa vifaa vya elektroniki kwa kazi hii ni kibao kidogo kiitwacho ESP32-CAM. Kibao hicho kina chipu yenye uwezo wa Wi-Fi, kamera ya OV2640 yenye pikseli milioni 2, taa ndogo nyeupe na tundu la kadi ya kumbukumbu ya microSD.

Programu huingizwa kwa kutumia tarakilishi. Kwa kuwa kibao chenyewe hakina tundu la USB, fundi hulazimika kutumia kiunganishi cha pembeni au kibao cha chini kinachouzwa pamoja nacho. Programu ya mfano inayotumiwa na wanafunzi wengi hurusha video mfululizo. Hiyo inafaa kwa kujaribu kamera tu; ikiachwa langoni, itamaliza betri kwa saa chache.

Programu ifaayo hufuata hatua tano: kifaa kiamke, kiwashe taa, kipige picha moja, kiihifadhi au kiitume, kisha kilale hadi saa nyingine.

Betri huliwa na usingizi

Hapa ndipo wengi hukosea. Hudhani kwamba betri huishia katika kupiga picha, ilhali mara nyingi huishia katika kungoja.

Kwa mujibu wa vipimo vya mtengenezaji, ESP32-CAM hutumia takriban miliampea 310 kwa volti 5 taa ikiwaka kwa nguvu zote, na miliampea 180 taa ikiwa imezimwa. Kikiwa katika usingizi mzito, kibao hutumia takriban miliampea 6. Kiasi hicho cha mwisho huonekana kidogo, lakini siku ina saa 24.

Hesabu yake ni rahisi. Miliampea 6 kwa volti 5 ni wati 0.03, ambazo kwa siku nzima huwa wati-saa 0.72. Upande wa pili, picha moja inayochukua sekunde 15 kwa miliampea 310 hutumia wati-saa 0.0065 hivi. Picha 24 kwa siku, yaani moja kila saa, hutumia wati-saa 0.16 pekee. Hivyo basi, usingizi hula zaidi ya mara nne ya kazi yenyewe.

Seli moja ya lithiamu aina ya 18650 yenye miliampea-saa 3,000 na volti 3.7 hubeba wati-saa 11. Tukiondoa sehemu ya tano inayopotea njiani, hubaki takriban 8.9. Kamera inayolala kwa njia ya kawaida itadumu siku 10 hivi, muda ambao haufikii hata nusu ya mwezi wa bili.

Dawa yake ni kukata umeme kabisa kati ya picha moja na nyingine. Saa ndogo ya elektroniki aina ya DS3231, ambayo ina betri yake yenyewe ya kidonge, huweza kuwekewa kengele. Saa ikifika, kengele hufungua swichi ya kielektroniki, kamera hupata umeme, hufanya kazi yake, kisha swichi hufungwa. Kwa mpango huo seli ileile huweza kudumu takriban miezi miwili kwa picha 24 kila siku. Picha zikipunguzwa hadi 4 kwa siku, muda huo huongezeka mara kadhaa.

Kuna mitego miwili ya kuepuka. Kwanza, seli ya lithiamu iliyojaa hufikia volti 4.2 na haipaswi kuunganishwa moja kwa moja kwenye pini ya volti 3.3, kwani chipu huungua. Inafaa kipandisha volti kitumiwe na umeme upitie pini ya volti 5. Pili, betri nyingi za akiba za kuchajia simu hujizima zenyewe zikiona umeme unaotumika ni mchache mno. Kamera ikilala, betri hizo hudhani kwamba kazi imekwisha, na asubuhi hakuna picha.

Kuifunga mahali pake

Lenzi ya kamera hii hutoka kiwandani ikiwa imelengwa kuona vitu vya mbali. Mita ikiwa karibu, tuseme sentimita 10 au 15, tarakimu huonekana kama ukungu. Lenzi hiyo huweza kuzungushwa taratibu ili ione karibu, baada ya kubandua gundi inayoishikilia. Kazi hii ifanywe mezani juu ya karatasi yenye tarakimu ndogo, kwa umbali uleule utakaotumika langoni.

Tatizo la pili ni mwanga. Taa ya kamera ikimulika kioo cha mita moja kwa moja, hurudisha doa jeupe linalofunika tarakimu. Kamera ikiinamishwa kidogo, au taa ikifunikwa kwa kipande cha karatasi nyeupe, doa hupungua. Taa ndogo ya pembeni hufaa zaidi.

Kamera ifungwe ndani ya kisanduku kisichoingiza maji, kikae juu ya kigingi au bamba lake lenyewe. Isipigiliwe kwenye mita wala bomba. Mita na lakiri yake huwa ni mali ya kampuni ya maji, na kuzichezea huweza kumletea mteja mashtaka hata kama nia yake ilikuwa njema. Vilevile kamera isimzuie msomaji rasmi kuona tarakimu.

Mita nyingi hukaa ndani ya shimo lenye kifuniko cha chuma. Chuma huzuia Wi-Fi, na kibao hiki hutumia masafa ya gigahezi 2.4 pekee. Iwapo mawimbi hayafiki, ni heri picha zihifadhiwe kwenye kadi na kukusanywa kila juma. Kila faili ipewe jina la mwaka, mwezi, siku na saa, ili zijipange zenyewe. Saa ya DS3231 haipotezi zaidi ya dakika moja hivi kwa mwaka, kwa hivyo wakati ulioandikwa unaweza kuaminika.

Picha za usiku

Faida kubwa hupatikana katika picha za saa ambazo kila mtu amelala. Tuchukulie kwamba mita ilisoma 412.350 saa nne usiku na 412.392 saa kumi na moja alfajiri, ilhali hakuna aliyefungua mfereji. Tofauti ni lita 42 kwa saa 7, yaani lita 6 kila saa. Kwa siku huwa lita 144, na kwa siku 30 lita 4,320. Hizo ni zaidi ya yuniti 4, au mitungi 216, ambazo familia hulipia bila kuzinywa wala kuzifulia.

Katika miji yenye mabomba ya majitaka, hasara huongezeka kwa kuwa ada ya majitaka mara nyingi hukokotolewa kutokana na maji yaliyopimwa kwenye mita.

Hata hivyo, mita kusonga usiku si ithibati ya uvujaji peke yake. Katika mitaa yenye mgao wa maji, matangi mengi hujaa usiku maji yanaporejea. Kwa sababu hiyo, jaribio lifanywe tangi likiwa limejaa. Mita ikiendelea kusonga, vali ya kutokea tangini ifungwe usiku unaofuata. Ikisimama, maji yanapotelea ndani ya nyumba, na mahali pa kwanza pa kukagua ni tangi la choo. Ikizidi kusonga, kasoro iko kwenye bomba kati ya mita na tangi, au kwenye boya la tangi ambalo halifungi sawasawa.

Picha za kila saa pia huonyesha kinachotokea maji yanaporejea baada ya ukavu wa siku kadhaa. Hewa iliyojaa bombani husukumwa mbele ya maji na huweza kuizungusha mita. Bila kumbukumbu ya saa hiyo, mteja hawezi kutenganisha hewa na maji.

Ushahidi na faragha

Mteja mwenye mfululizo wa picha huenda kwa kampuni akiwa na hoja badala ya hasira. Anaweza kuonyesha mita ilisoma ngapi siku iliyoandikwa kwenye bili, na kama bili ilikuwa ya makadirio tofauti huonekana papo hapo. Malalamiko huanzia kwa kampuni inayosambaza maji. Yasiposhughulikiwa, Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji (WASREB), inayofanya kazi chini ya Sheria ya Maji ya 2016, hupokea rufaa za wateja.

Ikumbukwe kwamba picha zilezile zinaweza kumkweza mpangaji au kumdhulumu. Mita inayosomwa kila saa husimulia mengi: familia huamka lini, hulala lini, na nyumba huwa tupu siku zipi. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 hulinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 huweka masharti kuhusu ukusanyaji wa habari za watu. Mwenye nyumba anayetaka kutega kamera kwenye mita za wapangaji anapaswa kuwaarifu, kuelekeza lenzi kwenye tarakimu pekee, na kumpa kila mpangaji picha za mita yake.

Kamera ihusishwe na mita kuu kwanza. Iwapo mita kuu inasonga usiku ilhali zote ndogo zimetulia, uvujaji uko kwenye mabomba ya pamoja, na si haki kumtwika mpangaji gharama hiyo.

Usalama wa betri

Seli za lithiamu zina nguvu nyingi katika umbo dogo. Zinunuliwe kwa muuzaji anayeaminika, ziwe na kinga dhidi ya kuchajiwa au kutumika kupita kiasi, na zisiachwe penye jua kali. Seli iliyovimba au kutoboka isichajiwe tena, wala isitupwe kwenye jaa ambapo huweza kuwaka moto. Ipelekwe kwa wanaokusanya taka za elektroniki.

Kabla ya kuitegemea, kamera ijaribiwe kwa juma moja, huku mtu akiisoma mita kwa macho kila asubuhi na kuandika daftarini. Daftari na picha zikilingana, kamera iachwe iendelee na kazi. Zisipolingana, kosa litakuwa limejulikana mapema, kabla bili ya mwezi haijafika mlangoni.