Mwanasesere Huvikwa Mwisho

Historia ya nguo katika nchi yetu huelezwa kwa kutazama bandari, misafara na viwanda. Mimi namwomba msomaji aitazame kutoka upande mwingine, yaani upande wa mwanasesere wa mtoto wa kike wa Uluguru. Katika nyumba ya kawaida wakubwa huvaa, watoto hufuata, na mwanasesere huvikwa mwisho, tena kwa mabaki ya mabaki. Kwa hiyo ukitaka kujua kama nyumba ina nguo za kutosha, usiulize dukani. Mtazame mwanasesere.

Zamani Waluguru, pamoja na jirani zao Wazaramo na Wakwere, walikuwa na mwana hiti, sanamu ndogo ya mti isiyo na mikono. Huyo hakuwa kitu cha mchezo. Mwali aliyewekwa ndani alimtunza kama mtoto wake, akimwosha na kumpaka mafuta. Kwa Waluguru, wanaofuata ukoo wa mama, funzo hilo lilikuwa zito, kwa kuwa ukoo huendelea kupitia kwa binti. Mwanasesere wa matambara ni wa mchezo tu, lakini mikono inayomvika hujifunza malezi yale yale.

Nguo ya kigeni ilitufikia kwa miguu. Baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, merikani ilishuka Unguja kwa wingi, ikavushwa hadi Bagamoyo na kubebwa na wapagazi kuja bara. Njia mojawapo ilipita chini ya milima yetu, penye mji wa Simbamwene, ambao Stanley aliukuta umezungushiwa ukuta mwaka 1871. Nguo iliyosafiri hivyo, na iliyotumika kama fedha njiani, haikuchezewa. Reli ilipofika Morogoro mwaka 1907, marobota yakaacha kupanda mabegani mwa watu.

Katika utoto wangu, miaka ya 1950, nguo ilikuwa chache lakini ilikuwapo. Dada zetu walijua kwamba gauni la mtoto huchakaa kwanza makalioni na kwapani, na kwamba pindo na mikono hubaki mizima. Basi mkono mmoja wa gauni ulitosha kumshonea mwanasesere gauni zima. Upande uliokwisha kupindwa uliwekwa chini, usishonwe tena. Upande wa juu ulipitishwa uzi ukavutwa shingoni. Matundu mawili yakatobolewa pembeni. Mshono wa zamani haukufumuliwa, kwa sababu fundi alikwisha kuulipiwa. Huo ulikuwa uchumi kamili, nao ulifundishwa bila ubao wala chaki.

Kisha zikaja shida. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na bei ya mafuta kupanda, fedha za kigeni ziliadimika na nguo ikawa ya foleni. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako dhidi ya walioficha bidhaa. Tarehe 12 Aprili 1984 alifariki kwa ajali ya gari huko Dakawa, mkoani kwetu. Katika miaka hiyo gauni la mtoto halikuacha mabaki. Lilishuka kwa mdogo wake, likawa kiraka, likawa nepi, likaishia kuwa tambara la kuepulia sufuria. Niliwaona watoto wamerudia gunzi la hindi, wakalivika maganda yake lenyewe. Hakuna taarifa ya serikali iliyonieleza upungufu wa nguo waziwazi kuliko gunzi lile.

Mwaka 1984 masharti ya kuagiza bidhaa yalilegezwa, na mitumba ikafurika masokoni. Viwanda vyetu vya nguo vilielemewa, vingi vikafungwa katika miaka ya 1990. Leo gauni la mtoto lililovaliwa Ulaya au Marekani huuzwa Morogoro kwa bei ambayo mama wa kawaida anaimudu, na mwanasesere wa plastiki huja amekwisha kuvikwa kiwandani.

Sasa hesabu imegeuka. Zamani ujuzi ulikuwapo nguo ikakosekana. Leo nguo ipo, na sindano ndiyo inayokosekana. Chuoni, nilipowaandaa walimu, niliwataka watengeneze zana za kufundishia kwa matambara, na mwaka hadi mwaka niliona waliojua kupitisha uzi kwenye tundu la sindano wakipungua. Ujuzi huu haufi kwa umaskini. Unakufa kwa kukosa wa kuurithi, nao hauhitaji bajeti: gauni moja lililochakaa, sindano moja, na bibi mwenye subira ya alasiri moja.